Mashine yarudi lini? Historia ya tundu la milimita tatu

Najua wengi wenu huja hapa kwa ajili ya programu na hifadhidata, lakini leo niwieni radhi, nataka kuandika kuhusu chuma. Msinikimbie! Tutaanzia kwenye kompyuta na tutapita tena kwenye kompyuta njiani.

Chukua bisibisi, fungua kasha la tarakilishi yako ya mezani (zima stima kwanza). Toa skrubu moja iliyoshika diski ya zamani ya inchi 3.5, halafu toa moja iliyoshika SSD ya inchi 2.5. Ziweke mezani ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ina meno manene, ya pili ina meno membamba. Ya kwanza ni ya Kimarekani, inaitwa 6-32: kipenyo chake ni karibu milimita 3.5, na ina meno 32 katika kila inchi. Ya pili ni M3: kipenyo milimita 3, na kutoka jino hadi jino ni nusu milimita. Ukiilazimisha ya kwanza kwenye tundu la ya pili, umeua tundu. Kila aliyewahi kuunganisha kompyuta ameshafanya kosa hili mara moja. Mimi si mara moja.

Kwa miaka yote ya chuo sikuwahi kujiuliza kwa nini sanduku moja la bati linahitaji skrubu za dunia mbili. Nilijiuliza mwaka jana, siku nilipovunja tapu.

Kwa wale wasioijua, tapu ni kichuma kigumu kinachofanana na skrubu, ila kimechongwa mifereji ubavuni ili kiwe na makali. Unatoboa tundu kwa keekee, kisha unazungusha tapu ndani ya tundu hilo nayo inakata hesi ukutani mwake. Hesi ndiyo ile njia ya kuzunguka ambayo skrubu hupita. Kwa M3 unatoboa tundu la mm 2.5, kwa M4 mm 3.3, kwa M6 mm 5. Kwa mkono ni kazi ya polepole: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga za chuma zikatike zisije zikaziba mifereji.

Mimi nina mashine ndogo ya milingi, ya kuwekwa juu ya meza, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Inakaa chumba cha nyuma nyumbani Chaani, huku kwetu Changamwe. Mwaka jana niliwaahidi majirani visanduku 12 vya alumini vya kuwekea vifaa vya kupima maji kwenye matangi ya paani. (Wa Mombasa mwajua wenyewe: maji ya mfereji huja yanapotaka, na usipojua tangi lina kiasi gani utaoga kwa chupa.) Visanduku 12, kila kimoja matundu manne ya M3, jumla 48. Kukata hesi 48 kwa mkono niliona ni upuuzi wakati mashine ina mota. Nikafunga tapu kwenye spindeli, nikaweka mizunguko 300 kwa dakika, nikaanza. Tundu la 41 likanila.

Baadaye nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzo. Mizunguko 300 kwa dakika ni mizunguko mitano kwa sekunde. Mashine yangu ukiizima haisimami papo hapo, huchukua kama nusu sekunde. Ikipunguza mwendo sawasawa, katika nusu sekunde hiyo huzunguka mara moja na robo tena. Kila mzunguko wa M3 ni nusu milimita. Kwa hiyo tapu ilikuwa ikiteremka zaidi ya nusu milimita baada ya mimi kudhani nimeshamaliza, na matundu yangu hayakutokea upande wa pili. Chini mlikuwa na nafasi ndogo tu. Mara 40 kidole changu kilikuwa chepesi. Mara ya 41 simu ililia.

Na tapu ya M3 haina subira. Nguvu ambayo kichuma cha mviringo hustahimili kikisokotwa huenda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Yaani tapu ya M3 ukilinganisha na ya M6 si dhaifu mara mbili, ni dhaifu mara nane. Ikivunjika husikii kelele nyingi, ni "tik" tu, kisha unabaki na kipande cha chuma kigumu kuliko keekee yako, kimejikita ndani ya kazi uliyoifanya siku tatu.

Babu yangu mzaa mama anakaa Likoni. Alisoma MIOME pale Tudor, yaani Mombasa Institute of Muslim Education, shule ya ufundi iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951 na ambayo leo ni Technical University of Mombasa. Kisha akawa fundi wa reli kwa zaidi ya miaka 30. Nilimpelekea kile kisanduku, kwa aibu kidogo. Akakipeleka karibu na dirisha, akakigeuza.

"Wakata kwa mashine?"

"Ndiyo, Babu."

"Na mashine yarudi lini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimefikiria sana jinsi ya kuingia, sikuwa nimefikiria jinsi ya kutoka. Akacheka, akaniambia nivute sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na tapu zaidi ya 100, zimefungwa kwa matambara yenye mafuta, nyingine zimechongwa herufi W, nyingine BSF, nyingine BA, nyingine UNF, na chache M. Mama zangu wadogo walikuwa wameshapatana na mnunuzi wa chuma chakavu, bei kwa kilo. Hoja yao ilikuwa nzito: nusu ya vitu hivi hakuna anayevijua tena, na chumba ni kidogo. Niliomba wiki mbili. Nikalibeba begani, nikavuka nalo feri nikiwa na bega moja chini kama mchukuzi wa bandarini, na usiku huo nikaanza kusoma zile herufi moja moja.

Sasa watu wa kompyuta kaeni vizuri, kwa sababu herufi W inatupeleka moja kwa moja kwa Charles Babbage.

Tulisoma sote chuoni kwamba Babbage ndiye babu wa kompyuta, na kwamba mashine yake ya kupigia hesabu, ile Difference Engine, haikumalizika. Kitu ambacho mhadhiri wetu hakukigusia ni nani aliyekuwa akiichonga. Alikuwa fundi wa London anayeitwa Joseph Clement. Katika karakana yake vilitengenezwa maelfu ya vipande vya shaba na chuma, na mwaka 1832 sehemu moja ya mashine ikaunganishwa na ikafanya kazi. Mwaka 1833 Babbage na Clement wakagombana kuhusu malipo, kazi ikasimama. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetumia takribani pauni 17,000 kabla ya kukata tamaa rasmi mwaka 1842. (Mradi wa programu uliochelewa, ukapita bajeti, mteja na mtengenezaji hawasemezani. Tangu mwanzo!)

Zama hizo kila karakana ilikuwa na hesi zake. Bolti iliyotengenezwa kwa bwana huyu haikuingia kwenye nati ya bwana yule, na hata katika karakana moja kila bolti ilikuwa na nati yake, ukizichanganya umekwisha. Clement hakuipenda hali hiyo. Kuanzia mwaka 1828 hivi alikuwa akitengeneza tapu zenye idadi maalumu ya meno kwa inchi kwa kila kipenyo. Pia alizichonga mifereji ili zikate badala ya kukamua chuma. Na alifanya jambo jingine ambalo liliniondoa kitini: shina la tapu alilifanya jembamba kuliko tundu, ili ikishamaliza kukata nati ipite moja kwa moja na kudondokea upande wa pili.

Yaani swali la Babu lilikuwa limeshajibiwa kwa namna ya kwanza karibu miaka 200 iliyopita: mashine yarudi lini? Isirudi. Iendelee mpaka itokee. Kwa nati, ambayo tundu lake limetoboka pande zote mbili, ni jibu kamili, na wazo hilo bado limo katika kutengeneza nati kwa mashine hadi leo. Kwa visanduku vyangu halikunisaidia kitu.

Mmoja wa mafundi vijana waliopitia karakana ya Clement alikuwa Joseph Whitworth, mzaliwa wa Stockport. Mwaka 1833 alirudi kaskazini akafungua karakana yake Manchester. Akakusanya skrubu kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, na mwaka 1841 akawasilisha mbele ya wahandisi wa London pendekezo la mfumo mmoja wa hesi. Hakubuni hesi bora kuliko zote. Alichukua wastani wa zilizokuwepo: pembe ya digrii 55 kati ya jino na jino, na jedwali la meno mangapi kwa inchi kwa kila kipenyo. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kupanga itifaki ataielewa hekima hiyo; kwa kuwa kila mmoja alilazimika kubadilisha kidogo, hakuna aliyeshindwa kabisa. Makampuni ya reli ya Uingereza yakakubali, na baada ya hapo wengine wakafuata kwa sababu reli ndiyo iliyokuwa ikinunua bolti nyingi.

Na reli ndiyo iliyoileta W huku kwetu.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896. Ikavuka kutoka kisiwani kuingia bara upande wetu wa Changamwe, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901. Pwani hii ilikuwa na ufundi wake wa kuunganisha vitu tangu kale. Mtepe, jahazi la zamani la Lamu na visiwa vyake, lilishonwa kwa kamba ya makumbi bila msumari hata mmoja. Hata neno parafujo tulikuwa nalo tayari, tumelirithi kwa Wareno. Lakini bolti kwa tani, za kipimo kimoja, zenye kubadilishana, hizo zilikuja na injini za moshi.

Hapa kuna jambo ambalo bado linanichekesha. Upana wa reli ile ya zamani ni mita moja kamili. Ni upana wa India, kwa kuwa vifaa na mafundi wengi walitoka huko, na India waliuchagua mwaka 1870 wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikifikiria kuhamia kwenye vipimo vya mita. Vipimo hivyo havikuja wakati huo, reli ikabaki. Basi njia yenyewe ilikuwa ya mita, na vyombo vilivyopita juu yake vilifungwa kwa inchi. Zile injini kubwa za daraja la 59, Garratt 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 252, zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi zikiwa zimefungwa kwa hesi za mtu wa Manchester. Mbili bado zipo Nairobi, kwenye makumbusho ya reli. Halafu mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya, SGR, kituo chake cha Mombasa kiko Miritini, mwendo mfupi wa matatu kutoka nilipoketi. Upana wake ni mm 1,435. Namba gani hiyo isiyo na kichwa wala miguu? Ni futi 4 na inchi 8 na nusu, upana wa Stephenson wa Uingereza. Na bolti zake, zilizoletwa na kampuni ya Kichina, ni za milimita. Kwa hiyo reli ya Mwingereza ina upana wa mita na bolti za inchi, na reli ya Mchina ina upana wa inchi na bolti za mita. Nimemweleza Babu hili mara tatu na mara zote amesema "subhanallah".

Haya, turudi kwenye sanduku. Baada ya W ilikuwa BSF, ambayo ni pembe ileile ya Whitworth lakini meno membamba zaidi, kwa ajili ya magari na mashine zinazotikisika. Hii niliipita haraka. Iliyonikamata usiku mzima ni BA.

BA ni hesi za skrubu ndogo: vyombo vya umeme, simu, saa za kupimia, redio. Zilipangwa na British Association mwaka 1884, kwa kufuata kazi ya Mswisi wa Geneva, Profesa Marc Thury. Nilitarajia jedwali jingine la wastani. Badala yake nilikuta fomula! Namba 0 ina hatua ya milimita 1 kamili kutoka jino hadi jino. Kila namba inayofuata, hatua ni 0.9 ya ile iliyotangulia. Kipenyo ni 6 mara hatua kwa kipeo cha 1.2. Basi. Hakuna jedwali la kukariri, mistari miwili ya programu inakupa zote: 2BA ina hatua ya 0.81 na kipenyo cha mm 4.7, 4BA ni 0.66 na 3.6, 6BA ni 0.53 na 2.8. Na umeona vipimo? Milimita. Uingereza iliyokataa mita kwa karne nzima ilikuwa na skrubu za mita ndani ya kila simu yake. 0BA inakaribiana sana na M6 ya leo: kipenyo kilekile, hatua ileile, tofauti ni pembe tu, digrii 47 na nusu dhidi ya 60.

Hizo digrii 60 ni za Wamarekani. William Sellers wa Philadelphia mwaka 1864 alisema pembe ya 55 ni ngumu kuipima na kuichonga, akapendekeza 60 na kilele bapa. Marekani ikaenda njia hiyo. Ulaya ya bara nayo ikakubaliana hesi za mita huko Zurich mwaka 1898, nazo pia zikachukua 60. Kisha zikaja vita viwili vya dunia, ambamo washirika waligundua kwamba nati ya Mmarekani haiingii kwenye bolti ya Mwingereza hata mkiwa upande mmoja wa mapambano. Tarehe 18 Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikatia sahihi mjini Washington makubaliano ya hesi ya pamoja. Hiyo ndiyo UNF na UNC ya sandukuni, na ndiyo ile 6-32 ya kwenye diski yako. Mwaka 1965 shirika la viwango la Uingereza likawaambia viwanda vyake waanze kuziacha W, BSF na BA, waende kwenye mita.

Babu aliingia kazini wakati huohuo wa mabadiliko, ndiyo maana sanduku lake lina kila kitu. Injini za Manchester zilikuwa bado njiani. Land Rover za ofisini zilikuwa na mchanganyiko: BSF hapa, UNF pale, na BA kwenye vyombo vya umeme. Kisha yakaja magari ya Kijapani na spana za 10, 12 na 14 ambazo leo ndizo peke yake kijana wa gereji pale Magongo anazijua. Mwaka 1974 Kenya ikapata shirika lake la viwango, KEBS. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na reli ikagawanywa, na vipuri vikagawanywa nayo. Babu anasema miaka hiyo mtu mwenye tapu zote alikuwa mtu wa kuamkiwa asubuhi.

Usidhani Whitworth amekufa lakini. Nenda bombani kwako sasa hivi. Ile "nusu inchi" ya koki ni hesi yake, digrii 55, meno 14 kwa inchi. Ukiipima kwa nje utapata karibu mm 21, maana nusu inchi lilikuwa jina la tundu la bomba la chuma la zamani, bomba limebadilika na jina limebaki. Kiunganishi cha Kimarekani cha nusu inchi nacho kina meno 14, ila pembe 60. Vitaingiana vizuri, utakaza, utatabasamu, na usiku vitavuja. Kuhusu cherehani ya Singer ya bibi sitasema mengi, isipokuwa Singer walikuwa na hesi zao wenyewe, ili skrubu ununue kwao. Wale mnaolalamika kuhusu chaja za simu, mambo haya ni ya kale.

Sasa turudi kwa swali la mzee, kwa sababu tundu la 41 lilikuwa bado linanitazama.

Jibu la pili la historia lilikuwa mikanda. Karakana za zamani ziliendeshwa na mhimili mmoja mrefu darini, na kila mashine ilipata nguvu kwa mkanda wa ngozi. Ukiufunga mkanda ukiwa umenyooka, mashine inazunguka mbele. Ukiupisha kwa mfano wa namba 8, inazunguka nyuma. Fundi wa kukata hesi alikuwa na mikanda yote miwili na mti wa kusukuma: huu, halafu ule. Babu aliwahi kuifanyia kazi mashine ya namna hiyo akiwa mwanafunzi na anasema ilihitaji mkono na sikio, maana tapu hubadilisha sauti kabla haijafika chini. Jibu la tatu lilikuwa kichwa maalumu kinachofungwa kwenye spindeli, chenye gia na klachi ndani yake; Tapmatic ya Marekani ndiyo maarufu zaidi. Ukishusha mkono kinakata mbele. Ukianza kuuinua, gia za ndani zinageuza tapu irudi, tena kwa kasi zaidi, ilhali mota haikubadilika hata kidogo. Na tapu ikikwama, klachi inateleza badala ya tapu kuvunjika. Bei ya kichwa kizuri kwa tapu ndogo ni sawa na nusu ya bei niliyonunulia mashine yangu, basi nikakiangalia kwa macho tu.

Jibu la nne ni letu sisi wa programu. Kuanzia miaka ya 1980 mashine zinazoongozwa na kompyuta ziliwekewa enkoda kwenye spindeli, kifaa kinachohesabu mzunguko sehemu kwa sehemu. Kompyuta haijali tena mota inakwenda kasi gani. Inachojali ni kwamba spindeli ikizunguka mara moja, mhimili wa wima ushuke hatua moja, wala zaidi wala pungufu, hata wakati wa kusimama, hata wakati wa kugeuka. Ile nusu sekunde iliyoniua haijaondoka, ila sasa kuteremka kunaifuata. Na kwa kuwa kompyuta inajua spindeli iko wapi, unaweza kuianzisha kusimama mapema, juu ya ile nafasi ya chini. Katika LinuxCNC, programu huria iliyotokana na kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, amri yenyewe ni G33.1. Unaandika kina na hatua, 0.5 kwa M3, mengine inayafanya yenyewe: inashuka, inageuza, inapanda kwa njia ileile. Kwa mizunguko 300, mwendo ni mm 150 kwa dakika. Ni kuzidisha tu.

Matundu saba yaliyobaki niliyamaliza kwa mkono, tapu ikiwa imeshikwa na spindeli ili isimame wima, mota imezimwa, nikizungusha kwa vidole: nusu mbele, robo nyuma. Kisanduku cha tundu la 41 nilikirudia upya. Majirani walipata vyote 12.

Wiki mbili zikaisha, nikavuka tena feri bila sanduku lakini na karatasi. Niliandika kila tapu ni nini na inaingia wapi. Mama zangu wadogo walisoma ukurasa wa kwanza, wakaniuliza: nani hasa atakuja kuuliza 2BA? Lilikuwa swali la haki na sikuwa na jibu. Tukakubaliana zile zilizovunjika meno ziende kwa kilo, na zilizobaki zikae kwangu, si kwao. Mwezi mmoja baadaye akaja fundi wa Kisauni anayefufua Land Rover ya zamani. Mtu kabla yake alikuwa amelazimisha M5 kwenye kisanduku cha umeme. Ukikumbuka ile fomula, 2BA ni 4.7 kwa 0.81 na M5 ni 5.0 kwa 0.8, hatua zinafanana kiasi cha kumdanganya mtu, kipenyo hakifanani. Matundu mawili yalikuwa yamekufa, ila manne yalikuwa yameumia tu. Tulipitisha tapu ya 2BA ya Babu kwa mkono katika yale manne, mzunguko kwa mzunguko, yakapona. Nimempigia simu mama mdogo siku ileile.

Baada ya Ramadhani nilimaliza kuifunga enkoda kwenye mashine yangu. Nikamleta Babu Changamwe aone. Nikaweka kipande cha alumini, nikaandika amri, mashine ikashuka, ikageuka, ikapanda. Matundu 10 ya M3, hakuna hata "tik" moja. Alikuwa amesimama sikio limeelekea mashine, si macho.

"Sasa yajua kurudi," akasema. Halafu akafikiri kidogo. "Na stima ikipotea katikati ya tundu?"

Nilicheka. Jumatano iliyofuata stima ikapotea katikati ya tundu. Kwa bahati ilikuwa M6, mara nane, mnakumbuka. Tapu ikabaki imekwama nusu njia ndani ya chuma, spindeli kimya, skrini nyeusi. Nikailegeza kutoka kwenye mashine, nikawasha tochi ya simu, nikachukua kishikio cha tapu kutoka kwenye sanduku, cha mpini uliochakaa mahali pa vidole vya mtu mwingine, nikaanza kuirudisha nyuma robo kwa robo.